Baba alimtuma mshenga akaichunguze degree ya Agricultural Economics kabla sijaisoma

Wakuu, mwakeye.

Juzi kuna dogo kaleta uzi humu anauliza Agricultural Economics inalipa au hailipi. Nimesoma comments zote. Mmoja kamwambia akasome nursing, mwingine akafungue banda la chipsi, wengine wakaanza kugombana mambo ya siasa. Dogo wa watu akaondoka bila jibu.

Sasa mimi degree hiyo ninayo. Na kabla sijaisoma ilichunguzwa na ukoo kama mchumba. Sisemi kwa mafumbo jamani, ilitumiwa mshenga kabisa.

Nitasimulia kama ilivyokuwa na chumvi siongezi, maana kisa chenyewe kilikuja kimeshakolea. Asiyeamini aje Busunzu aulize.

Twende.

Mimi ni Muha wa Kibondo, kata ya Busunzu. Form six nilisoma CBG. Matokeo yalikuja ya kawaida, si ya kuitiwa waandishi wa habari. Kwenye kuomba vyuo niliweka udaktari juu kabisa, si mnajua kila mtu wa CBG ni daktari mpaka majibu yatoke. Agricultural Economics niliiweka ya mwisho ili nafasi isibaki wazi tu.

Ikanichagua hiyo ya mwisho.

Nilitakiwa nithibitishe mtandaoni kabla dirisha halijafungwa Ijumaa jioni. Nisipothibitisha, nafasi imekwenda kwa mwingine.

Baba naye alikuwa na mpango wake, chuo cha ualimu Kasulu. Alisema ualimu anaujua, ameuona kwa macho. Walimu wanaletwa huku kutoka mikoa yote na wanapanga vyumba vyetu. "Hiyo nyingine nani kaiona?"

Nikajaribu kumweleza kuwa ni uchumi wa kilimo.

Akauliza, unakwenda kusomea kulima? Nikasema hapana. Utakuwa bwana shamba? Hapana. Utakaa benki? Nikasema inawezekana. "Benki kuna mahindi?" Hata mimi nilikuwa sijui. Ninachojua niliiona kwenye orodha nikabonyeza.

Mumjue kwanza baba yangu. Ni mtu wa taratibu. Ng'ombe hanunui mpaka aende alikozaliwa akamwone mama yake na maji anayokunywa. Dada yangu alipoposwa na kijana wa Murungu, baba alimtuma mtu huko kimyakimya akachunguze ukoo. Yule mtu akarudi na habari mpaka za babu wa kijana aliyewahi kusingiziwa wizi wa mbuzi.

Mtu mwenyewe ndiye Mzee Misago, mshenga wa kijiji chetu. Ndoa zote zilizosimama pale kwetu anasema ni kazi yake. Zilizovunjika anasema hawakumsikiliza.

Basi Jumatatu baba akamwita nyumbani. Akamkalisha, akamwambia bila hata kutabasamu, "Misago, kuna degree inamtaka kijana wangu. Kwao sikujui. Nenda kaichunguze."

Nikajua wanatania. Mzee Misago akavua kofia, akafikiri, akauliza, "Inakaa wapi?"

Yewe mama weee.

Baba akamwambia atafute mtu aliyeisoma, akimwona huyo atakuwa ameiona degree yenyewe. Masharti yakawekwa pale pale. Ikionekana ni safi, baba anauza dume lake nakwenda chuo kikuu. Ikiwa na kasoro, Jumamosi napelekwa ualimu na mjadala umefungwa. Mimi niende naye nikaone, ila mdomo nisifungue. Kwetu kijana anayetafutiwa hasemi, mshenga ndiye mdomo wake.

(Walimu mliopo jukwaani msinirukie. Ualimu ni kazi nzuri, ni mimi tu niliyekuwa siutaki.)

Sasa hapa ndipo mzee wangu alipoharibu.

Alifikiri mtu wa kilimo hawezi kuendewa mikono mitupu. Akaenda dukani kwa Mwarabu wa Kibondo mjini akanunua jembe. Jipya, linang'aa, bado na karatasi yake. Akamkabidhi Mzee Misago, "Mpelekeeni huyo msomi."

Waha wenzangu najua mmeshashika vichwa. Kwa wasiojua, kwetu jembe kwa wazee ni kitu cha posa. Mshenga akiingia nalo kwenye nyumba yenye binti, na wenyewe wakalipokea, maneno mengine yote ni mapambo tu.

Mama angekuwepo angepiga kelele, lakini alikuwa Murungu kwa dada aliyejifungua. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, jembe kwangu lilikuwa la kupalilia. Na Mzee Misago? Huyo tutamfikia.

Tukaanzia Kibondo mjini. Kuna afisa mmoja wa shirika, mtu wa Mbeya, tuliambiwa ameisoma degree hiyo. Akatupokea vizuri ofisini, kiyoyozi kinapuliza mpaka Mzee Misago akavaa kofia yake tena.

Mzee akaanza maswali yake yale yale anayoulizia wachumba.

"Hii degree kwao kuna kifafa?"

Afisa akanitazama. Mimi nikatazama ukuta, nimekatazwa kusema.

"Sijaelewa, mzee."

"Nauliza ina ugonjwa wa kurithi? Wanaoisoma wanapatwa na nini?"

Afisa akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema ugonjwa upo. Ukimaliza unakaa nyumbani bila ajira, wengine mwaka, wengine zaidi, yeye mwenyewe aliugua karibu miaka miwili.

"Unaua?"

"Hauui mzee. Ila unakondesha."

Mzee Misago akatikisa kichwa kama daktari. Akaomba aonyeshwe shamba lake. Afisa akasema hana. Kuku? Hana, amepanga. Basi hata bustani ya mchicha? Afisa akaanza kueleza habari za value chain, akazunguka, akarudi, akaenda tena. Mzee akamsikiliza kwa heshima zote.

Tulipotoka nje akaniambia, "Huyu simtilii shaka, lakini si wa huku. Kama anatuficha kasoro za degree tutamuuliza nani? Hana shangazi hapa." Kwa hiyo ushahidi wake hautoshi, na jembe hakumpa. Uchunguzi unataka mtu ambaye ukoo wake unajulikana.

Afisa mwenyewe ndiye aliyetuelekeza Kabanga, kule Kasulu. Akasema kuna dada mmoja mwenyeji, Leokadia, walisoma naye na anafanya kazi na vikundi vya wakulima. Anakaa kwa wazazi wake.

Mmesikia hapo? Anakaa kwa wazazi wake. Na sisi tunakwenda na jembe.

Tulifika Kabanga Jumatano mchana. Nilikuwa nimevaa koti la baba mdogo, mikono inafunika vidole. Leokadia hakuwepo, yuko kazini. Tukapokelewa na baba yake, Mzee Bukuru, na mama yake. Watu wakarimu sana. Tukapewa viti na maji ya kunywa, tukaulizwa za Kibondo.

Mzee Misago akakaa wima, akakohoa, akaliweka jembe chini katikati ya sebule.

Mama wa Leokadia akashika mdomo. Mzee Bukuru akaangalia jembe, akaniangalia mimi, akaangalia jembe tena.

Halafu Mzee Misago akafungua mdomo, na maneno yaliyotoka, wakuu, yalikuwa ya posa tupu. Tumetembea mbali. Sifa za nyumba hii zimefika mpaka Busunzu. Tuna kijana wetu, hana tabia mbaya, baba yake ana ng'ombe. Mimi nikajua ndivyo wazee wanavyoanza mazungumzo. Nikawa natikisa kichwa kukubali kila sentensi, mjinga kabisa.

Akauliza habari za kifafa. Mama akajibu haraka hakuna, shangazi mtu ana presha tu. Uchawi? Mungu apishe mbali, sisi ni watu wa kanisani. Mzee Bukuru naye akaniuliza habari zangu kupitia mshenga, kama nakunywa pombe, kama napiga watu. Nikashangaa mambo haya yanahusiana vipi na uchumi wa kilimo, lakini nikasema moyoni labda wasomi wana utaratibu wao.

Mzee Bukuru akainama, akaokota jembe, akaliweka mapajani.

"Ego, ndiyo," akasema. "Limefika."

Mama mtu akatoka mbio. Mara nikasikia kuku analia uani, kisha hasikiki tena.

Nikamnong'oneza Mzee Misago, mbona wanachinja kuku kwa ajili ya kuulizia degree? Akanijibu kwa sauti ya chini, na haya maneno siyasahau mpaka naingia kaburini: "Mimi nimepewa jembe na kijana. Nyie mlitaka nifikirie nini? Nikajua baba yako ameona nauli imepanda, akaunganisha safari."

Wakuu, nilihisi koti la baba mdogo linanibana ghafla. Nilikuwa nimetoka nyumbani kutafuta degree, narudi na mke. Tena mke ambaye hajui.

Leokadia akaingia jioni na pikipiki, gambuti zina tope, helmeti mkononi. Dada mtu mzima, miaka karibu thelathini. Anakuta mama yake ananyonyoa kuku anaimba, baba yake amepakata jembe.

"Kuna nini hapa?"

"Wageni wako wametoka Kibondo," baba yake akasema. "Jembe limefika."

Akageuka akaniangalia, kuanzia koti mpaka viatu. "Huyu?"

Hapo nikavunja sheria zote. Nikasimama nikasema, "Dada, shikamoo. Mimi nimekuja kuulizia degree. Agricultural Economics. Nimechaguliwa, dirisha linafungwa Ijumaa."

Yule dada alicheka, wakuu, alicheka mpaka akakaa chini na gambuti zake, machozi yanamtoka. Na mimi nilikuwa karibu kulia, tena kwa kweli.

Baba yake hakucheka hata kidogo. Akasema jembe likishapokelewa halirudi. Likirudi kutoka mlangoni kwake majirani watauliza lina kasoro gani, jembe au binti? Na huyo atakayekuja siku nyingine kumposa Leokadia ataisikia habari hiyo kabla hajafika getini. Mzee Misago naye akavimba, akasema hajawahi kurudi nyumbani na jembe mkononi tangu aanze kazi, haanzii leo. Mimi nasubiri waamue kama naoa.

Leokadia akafuta machozi. Akamuuliza baba yake, "Baba, hili jembe limeletwa kwa sababu ya nini? Si kwa sababu ya shule yangu?"

"Ndivyo anavyosema kijana."

"Basi limekuja kwangu kama shukrani ya ushauri. Nimelipokea, halirudi. Na ushauri nautoa kesho, nikienda kwenye kikundi naye anakwenda."

Wazee wakatazamana. Jembe halikurudi, nyumba haikuaibika. Mzee Misago akakubali kwa kichwa.

"Na kuku?" mama akauliza kwa uchungu.

"Kuku tunamla, mama."

"Kwa hiyo hatuozeshi?"

"Mama, unaniozesha kwa mtoto aliyevaa koti la mtu?"

Tukala kuku na ugali wa muhogo. Mama mtu hakuniongezea mchuzi, na nilimwelewa.

Kesho yake Alhamisi tukaenda na Leokadia kwenye ghala la kikundi cha kina mama wanaolima maharage, nje kidogo ya Kabanga. Mimi nilitegemea kuona msomi anashangiliwa. Nikakuta anasubiriwa kutukanwa.

Msimu uliopita Leokadia aliwaambia wasiuze maharage wakati wa mavuno, wasubiri bei ipande. Wakasubiri. Wadudu wakayatoboa. Mwenyekiti wao, Mama Skola, akasimama na kiganja cha maharage yenye matundu, akayamwaga mbele ya miguu ya Leokadia.

"Msomi wetu, ulituambia tuisubiri bei. Bei ilikuja kweli, ikakuta unga."

Kina mama wakaguna wote. Mwingine akasema yeye alimnyima mwanawe daftari ili asubiri bei. Mwingine akasema mume wake sasa anamwita Mama Uchumi, na hamwiti kwa mapenzi.

Mimi ningekuwa yeye ningewasha pikipiki. Leokadia alikaa kwenye gunia akasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Ni kweli. Nilipiga hesabu ya bei, sikupiga hesabu ya wadudu. Nimekosea mimi, si nyinyi." Mzee Misago, aliyekuwa amekaa mlangoni, aligeuka kumtazama. Nadhani kwenye kazi yake hajazoea kumsikia mtu akisema amekosea.

Halafu wakaanza upya. Nani maharage yake yalipona? Aliyaanika vipi? Wakabishana, wakapaza sauti, Kiha na Kiswahili vikachanganyika. Mama Skola akasema yeye mwaka huu anauza siku ya kuvuna na asisumbuliwe na mtu.

Sijui nini kiliniingia. Nikasema, "Mama, usiuze yote."

Wakageuka. "Na wewe nani?"

Nikawaambia mimi ni wa Busunzu. Mama yangu kila mwaka huuza maharage mwezi wa sita, yakiwa yamejaa sokoni na hakuna anayeyataka. Ikifika mwezi wa kumi na moja nyumbani yameisha, anakwenda kununua kwa mfanyabiashara yule yule aliyemuuzia. Mwaka mmoja alirudi na gunia akalitua, akaona mdomo wa gunia umefungwa kwa kipande cha kitenge chake mwenyewe. Maharage yake. Alikuwa ameyauza kwa bei ya bure na kuyanunua kwa bei ya kukimbiza mtu. Alicheka siku ile, lakini alipokwenda kuyachagua nilimwona anajifuta macho.

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu hilo. Hata sikujua kama lilikuwa linaniuma.

Mama Skola akakaa. "Na mimi," akasema. Kisha mwingine, "Na mimi." Karibu kila mmoja pale alishawahi kununua maharage aliyoyalima mwenyewe.

Wakati wa kurudi Leokadia akaniambia, "Hilo la mama yako ndilo swali wanalotufundisha. Miaka mitatu. Na wengine tunamaliza bado hatujaliweza, umeona mwenyewe leo." Akaniambia nisiisome kama natafuta ofisi yenye kiyoyozi, maana kiyoyozi ni bahati. Nikiisoma niisome kwa sababu ya lile gunia. Huo ndio ushauri wa jembe zima.

Ijumaa mchana tukafika nyumbani. Mama alikuwa amerudi kutoka Murungu, yuko jikoni, ameshaambiwa habari ya jembe na hazungumzi na baba.

Mzee Misago akakaa akatoa taarifa kamili.

"Nimeichunguza. Haina kifafa. Uchawi sikuuona. Ina ugonjwa wa kukaa bila kazi, unakondesha lakini hauui. Ina kwao, tumefika, tumekula kuku. Watu wanaitukana mbele ya uso wake na inakaa inasikiliza, halafu inakubali kosa. Hiyo tabia hata mimi sina."

"Na kasoro?" baba akauliza.

"Maneno mengi."

Nikaona saa yangu inakwenda. Kisha baba akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe akaniuliza ninachotaka mimi.

"Na wewe umeiona. Unaitaka?"

"Naitaka, baba."

"Ya nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno ya kisomi kwenye gari njia nzima. Yote yakapotea.

"Nataka nijue kwa nini mama ananunua maharage yake mwenyewe."

Kule jikoni mwiko ukaacha kusonga. Mama akajibu akiwa huko huko, kwa sauti ya kawaida tu, "Hata mimi nataka nijue."

Baba akaangalia zizini kwa dume lake. "Basi umekaa hapa unafanya nini? Nenda katafute network, dirisha litafungwa."

Nilikimbia mpaka mlimani kwenye mnara na koti la baba mdogo linapepea. Nikathibitisha.

Sasa dogo wa ule uzi, jibu lako hili hapa. Nimemaliza. Ule ugonjwa wa kukaa nyumbani ulinipata na nikakonda kweli, afisa hakudanganya. Sasa nina mkataba na kikundi cha wakulima huku Kibondo. Siyo tajiri na gari sina. Kama inalipa sijui, nitakudanganya. Ninachokushauri, usiulize degree ina soko. Tafuta mtu anayeifanya kazi hiyo, kakae naye siku anayotukanwa. Ukitoka hapo bado una swali lako mwenyewe linalokuuma, jaza. Ukitoka unatafuta pikipiki ya kukimbilia, basi waliokwambia nursing hawakukosea.

Na kama baba yako anataka kutuma mshenga, mwambie abebe sukari. Jembe libaki nyumbani.

Haya, uwanja ni wenu. Mliosoma kozi msizozichagua semeni zimewafikisha wapi. Na kama kuna mwingine humu aliyewahi kuchunguziwa kitu ambacho si binadamu, ajitokeze nisijione peke yangu duniani.

Nitajibu kadiri nitakavyopata nafasi. Mama mwaka huu amekubali, maharage hakuuza mwezi wa sita. Yamejaa chumbani kwangu mpaka dirishani, nalala nayo, na kila asubuhi anagonga mlango kuniuliza kama bei imeshapanda.